Tangi langu la mbuna: siku 38, na vijiko viwili vya urea vilivyoniponza

Kila niliyemuuliza jinsi ya kuanzisha tangi la samaki alinijibu wimbo uleule: jaza maji, yaache siku tatu, tumbukiza samaki. Mmoja akaongeza eti nianze na wawili walio sugu. Wakifa, nijue maji bado. Kwa mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, huko ni kuua tu, na sababu yake ni ya hesabu. Kwenye maji ya pH 7 (pH ni kipimo cha utindikali wa maji) yenye joto la nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia, taka wanayotoa samaki, ndiyo iliyo katika hali ya sumu kali. Maji hayohayo yakifika pH 8.3, wanayoipenda mbuna, sehemu hiyo inapanda hadi kama asilimia 10. Kinyesi kilekile, sumu zaidi ya mara kumi na tano.

Kwa hiyo tangi langu nililikomaza bila samaki hata mmoja, yaani nilifuga kwanza bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha nitriti kuwa nitrati, ambayo haina makali hayo. Kioo ni sentimita 100 kwa 40 kwa 50, kwa hesabu lita 200, lakini ukitoa mawe, mchanga na ile nafasi ya juu, maji yenyewe ni lita 160. Shika namba hiyo ya pili, maana dozi zote zinapimwa kwa maji yaliyomo, si kwa ukubwa wa kioo. Fundi wa vioo mwambie asitumie silikoni ya bafuni yenye dawa ya ukungu. Mawe yakae kwenye sakafu ya tangi kwanza, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka. Mbuna ni wachimbaji, na jiwe lililoegeshwa juu ya mchanga wataliangusha, siku nyingine likaangukia kioo.

Sasa chakula cha bakteria. Amonia safi ya chupa sikuipata. Kichwa cha kamba kinachooza kinafanya kazi, ila hujui kimetoa kiasi gani, na sebule itanuka kama gati la samaki. Nikaenda duka la pembejeo nikanunua mbolea ya urea kidogo, ile nyeupe tupu, si mbolea nyingine kama CAN wala NPK. Bei yake haina hata haja ya kutajwa.

Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Nikaweka kijiko kimoja cha chai. Kesho yake napima amonia: sifuri. Nikasema aa, lita 160 ni nyingi, nikaongeza kijiko kingine. Kesho yake tena, rangi ya kipimo haijabadilika hata kidogo. Nikaanza kumlaumu muuza urea.

Kumbe urea si amonia. Ni lazima kwanza bakteria waivunje, na kwenye tangi jipya lisilo na bakteria wa kutosha kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Siku ya tano kipimo kikalipuka kijani cha kutisha, mwisho kabisa wa kadi, ambao ni miligramu 8 kwa lita. Ni 8 au 80? Kadi haisemi. Ujanja wake ni huu: chukua sindano ya hospitali isiyo na ncha, changanya mililita 1 ya maji ya tangi na mililita 9 za maji ya kunywa ya chupa, pima mchanganyiko huo, kisha zidisha mara kumi. Nikapata rangi kati ya 2 na 4. Nikarudi kwenye karatasi: kijiko kimoja ni gramu 4 hivi, viwili ni 8, urea ina naitrojeni asilimia 46. Katika lita 160 hiyo inatoa amonia karibu 28. Nilikuwa nimetengeneza mkojo, si makazi ya samaki. Amonia nyingi namna hiyo huwabana hata bakteria wenyewe, hasa wale wa hatua ya pili wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, kwa hiyo kusubiri hakusaidii. Nilimwaga robo tatu ya maji, nikajaza, kesho yake nikamwaga robo tatu tena. Ishirini na nane ikawa saba, saba ikawa chini kidogo ya mbili.

Baada ya hapo nikapima kistaarabu. Gramu 6 za urea kwenye chupa ya lita moja ya maji, tikisa mpaka iyeyuke. Mililita 100 za maji hayo zina gramu 0.6, na kwa lita 160 hiyo ni amonia ya miligramu 2 kwa lita. Mizani ya jikoni inatosha, huhitaji ya sonara. Ukishaweka, subiri siku tatu nne kabla ya kuhukumu. Dozi nyingine inaingia amonia ikishuka sifuri tu, na nitriti ikipita 5 unasitisha hata kama amonia imeisha.

Mbegu ya bakteria nilikamua kwenye sponji ya filta ya tangi lenye afya, ikasafirishwa ikiwa imeloa maji yake. Hiyo ilinipunguzia wiki mbili, nadhani. Kuna aliyeniambia nijaze filta kwa dodoki la kuogea. Dodoki ni mmea. Linaoza humo ndani na kuwa chanzo kingine cha amonia.

Wiki ya tatu kila kitu kikagoma. Nitriti imeganda, amonia haishuki. Ukipima pH ndipo unaelewa: kutoka 7.6 imeanguka hadi 6.4. Bakteria hawa wanapofanya kazi wanakula kH, yaani kinga ya maji dhidi ya tindikali, na maji yangu ya bomba yalikuwa na kH 4 tu. Dawa ni bikaboneti ya soda, ile tupu. Beking pauda ina tindikali na wanga, usiiguse. Gramu 3 kwa lita 100 hupandisha kH kwa 1, kwa hiyo kijiko cha chai bapa, gramu 5, ndicho kipimo cha lita 160. Tangi likiwa bado halina samaki unaweza kuweka vijiko vinne kwa mpigo. Wakiwemo samaki, kimoja kwa siku. Siku mbili baadaye bakteria wakarudi kazini. Makombe yaliyosagwa ya kuchanganyia chakula cha kuku ninayo pia kwenye filta, lakini pH ikishafika 8 hayayeyuki vya kutosha. Ni akiba tu.

Siku ya 38 niliweka dozi asubuhi, na keshokutwa yake amonia na nitriti zote zilikuwa sifuri. Nikarudia mara mbili ili nijihakikishie. Nitrati ilikuwa juu sana, nikabadilisha maji robo tatu, kisha nikaingiza mbuna wadogo 14 siku moja. Wote pamoja, makusudi: ukiwaleta mmoja mmoja, aliyetangulia anajitangaza mwenye nyumba na kila mgeni anapigwa. Madume wachache, majike wengi. Usinunue auratus, aina ya mbuna mkorofi, kwa ajili ya tangi la kiasi hiki, hata kama rangi zimekupendeza.

Kila wiki natoa ndoo tatu za lita 20. Maji mapya yamelala usiku kucha yakipulizwa hewa ili klorini itoke, na bikaboneti naiyeyusha humo kabla sijamimina. Sponji naisuuza kwenye ndoo ya maji machafu niliyotoa, kamwe si bombani. Nikipima nitrati, chupa ya pili ya dawa naitikisa nusu dakika kwa nguvu; usipoitikisa itakudanganya kuwa nitrati haipo. Chakula ni cha spirulina (aina ya mwani), kidogo mara mbili kwa siku. Nyama ya ng'ombe na moyo wa kuku, wanavyoshauri wengine, huwavimbisha tumbo, kwa kuwa mbuna wengi utumbo wao ni wa kula mwani wa mawe.

Hita sina, Dar haina haja nayo. Shida ni kinyume: Januari maji yanagusa nyuzi 30, oksijeni inapungua, kwa hiyo mdomo wa filta nauelekeza uvuruge uso wa maji. Umeme ukikatika, pampu ndogo ya hewa ya betri inaendesha filta ya sponji. Ile filta kubwa ya nje ikizimwa saa nyingi, bakteria ndani yake hukosa hewa na kufa, na maji yake huoza. Kabla ya kuiwasha ifungue, mwaga maji yaliyolala humo, ndipo uirudishe.

Kwa sasa jike mmoja amefumba mdomo tangu wiki mbili zilizopita, hali chochote, koo limemvimba mayai, maana majike ya mbuna huatamia mayai mdomoni. Wanakaa hivyo kama wiki tatu. Wiki hii atapata ndoo moja moja kwa siku tatu badala ya tatu kwa mkupuo, asije akashtuka akayatema.