Zora, tikiti na bibi yangu wa Mvumi

Mwaka juzi nilienda Mvumi kwa bibi na daftari, maswali nimeyapanga kabisa, nataka anisimulie hadithi za Kigogo za zamani, na kila nikiuliza bibi anajibu "ndiyo", "sikumbuki", basi, nikarudi Dodoma mjini kurasa tupu. Iliniuma sana.

Sasa wiki hii nimekuwa namsoma Zora Neale Hurston, Mmarekani mweusi, kazaliwa 1891 Alabama akakulia Eatonville kule Florida, mji ambao watu weusi walijiongoza wenyewe, baadae akasoma anthropolojia, yaani elimu ya watu na mila zao, New York kwa profesa Franz Boas. 1927 aliporudi Florida kukusanya hadithi za kwao alienda na Kiingereza cha chuo, anauliza kama karani wa sensa, na watu wakamwambia hapa hatuna hizo hadithi. Hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kwanza.

Ila alijifunza. Kuna mzee alimfuata Alabama, Kossola, Wamarekani wanamwita Cudjo Lewis, alitekwa kijana sehemu ambayo leo ni Benin akavushwa bahari 1860 na meli ya Clotilda, kwa magendo, maana kuingiza watumwa Marekani kulishapigwa marufuku tangu 1808. Zora alivyofika alimwita kwa jina la kwao na mzee akalia machozi, miaka mingapi hajaitwa hivyo! Siku nyingine anampelekea pichesi, siku nyingine wanakula tikiti mpaka linaisha, na mzee akiwa hana hamu ya kuongea Zora anaondoka zake, atarudi tena. Karibu miezi mitatu hivyo.

Na kitabu cha maisha ya Kossola kilivyokamilika, mchapishaji akataka maneno ya mzee yageuzwe Kiingereza sanifu. Zora akagoma. Mi naona alifanya sawa kabisa, ukimnyoosha mzee maneno yake ushamtoa mwenyewe kwenye hadithi. Kimetoka 2018 jamani, wakati Zora alifariki 1960, hana hela, kaburi halina hata alama mpaka 1973 mwandishi Alice Walker alipomwekea jiwe.

Jumamosi nimerudi Mvumi na tikiti, daftari nimeacha. Mbukwa bibi, nikamsalimia kwa Kigogo. Tukala, tukakaa tunamenya karanga, sikuuliza kitu, jua linazama ndo akaanza mwenyewe, kwa Kigogo, habari za fisi na yule binti aliyekataa wachumba. Usiku nimeiandika yote vilevile kwa Kigogo chake, hadi pale alipokatisha kufukuza kuku.