Usiku wa bloku ya 840,000

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Aprili 2024 nilikesha makusudi. Mtandao wa Bitcoin, sarafu ya kidijitali, ulikuwa unaikaribia bloku ya 840,000 (bloku ni kama ukurasa wa daftari la miamala yake), ambapo zawadi ya wachimbaji, yaani wanaofunga kurasa hizo kwa kompyuta zinazokula umeme, ingekatwa nusu, kutoka bitcoin 6.25 hadi 3.125. Mjomba, mweka hazina wa zamani wa sacco ya matatu, alikuwa amelala kwangu Umoja, Nairobi, kwa sababu masika yalikuwa yamefunga barabara ya kwao. Usingizi ukampaa, akavuta kiti.

"Hao wachimbaji, nani anawalipa?"

Nikamweleza kwamba hawana mwajiri. Anayefunga bloku anaruhusiwa na kanuni kujiandikia sarafu mpya, na wengine wote wanamkagua. Akijiongezea hata chembe, bloku yake inakataliwa na umeme aliouchoma umekwenda bure. Kwangu hapo ndipo penye uzuri wa mfumo wote: mwizi anapata hasara kabla hajaiba. Zawadi ilianza kwa 50 mwaka 2009, ikawa 25 mwaka 2012, 12.5 mwaka 2016, 6.25 mwaka 2020. Kila baada ya bloku 210,000 inakatwa, mpaka sarafu zikaribie milioni 21 na zawadi iishe kabisa.

Mjomba akavua miwani. "Ikiisha, daftari litalindwa na nani?"

Ndilo swali lenyewe, na wengi wanaoisifu Bitcoin hulipita mbio. Nikamjibu kwamba watabaki na ada za wanaotuma pesa.

Saa tisa na dakika tisa bloku ikaingia, imefungwa na ViaBTC, kundi la wachimbaji. Nikateremka kwa kidole hadi kwenye ada: zaidi ya bitcoin 37. Zaidi ya mara kumi ya zawadi mpya! Kwenye bloku hiyohiyo ndipo Runes ilipoanza, njia ya kutoa tokeni, yaani sarafu nyingine, juu ya mtandao wa Bitcoin, na watu walikuwa wamepandishiana ada wawahi nafasi ndani ya bloku. Nikampa mjomba simu, moyo ukinienda mbio.

Alisoma polepole, tarakimu kwa tarakimu.

"Hii ni michango ya harusi, mpwa wangu. Nionyeshe Jumanne ya kawaida."

Mwezi uliofuata nikamtumia picha kwenye WhatsApp: bloku baada ya bloku, ada haifiki hata bitcoin moja. Akanipigia papo hapo. Alitaka bei ya umeme wanaolipa wachimbaji, na hesabu za ada tangu 2020, mwezi kwa mwezi.