Chokaa Begani na Maziwa Niliyoyaacha Bure

Nilipokuwa na umri wa miaka 47, bega langu la kulia lilianza kuuma hata nikashindwa kuandika sehemu ya juu ya ubao au kuanika nguo kambani, na usiku nililala nimeketi. Picha ya eksirei ilionyesha doa jeupe juu ya kichwa cha mfupa wa mkono, nikaambiwa kwamba ni chokaa iliyojikusanya ndani ya kano, ule ukamba unaoshikisha msuli kwenye mfupa. Neno hilo chokaa ndilo lililonipoteza. Nilirudi nyumbani Tanga nikiamini kuwa nimekula madini kupita kiasi, nikaacha maziwa na dagaa, huku mwalimu mwenzangu akiapa kwamba ni vumbi la chaki la miaka 20. (Tulicheka, lakini usiku ule nilimsadiki kidogo.)

Miezi miwili ilipita bila nafuu, ndipo daktari wa mifupa akaagiza nipimwe damu. Kalisi (kalsiamu), yale madini ya maziwa na dagaa niliyoyaogopa, ilikuwa miligramu 9.3 kwa desilita, yaani ya kawaida. Fosfati, magnesi, sukari na homoni za tezi ya shingo navyo havikuwa na kasoro. Kilichopungua ni vitamini D: nanogramu 13 kwa mililita, ilhali chini ya 20 huhesabiwa kuwa upungufu. Jua la Tanga halina uchoyo, ila mimi huvaa buibui na hushinda darasani.

“Mwalimu, rudi kwenye maziwa yako,” alisema daktari. Alinieleza kwamba chembe za kano zenyewe hubadilika na kutengeneza fuwele hizo, na kwamba wagonjwa wengi huwa na kalisi ya kawaida katika damu. Nilipomuuliza kama upungufu wa vitamini ndio chanzo, hakukubali: wengi wana upungufu huo na mabega yao ni mazima. Alinipa dawa ya vitamini D kwa ajili ya mifupa na misuli, si kwa kuyeyusha chokaa.

Chokaa yenyewe ilisafishwa kwa sindano. Alinitia ganzi, akaiongoza sindano kwa mashine ya utrasaundi na kusukuma maji ya chumvi, yakarudi meupe kama tui. Siku mbili zilizofuata maumivu yalizidi, kisha nikaanza mazoezi ya kupandisha vidole ukutani, asubuhi na jioni. Wiki ya sita niliandika tarehe juu kabisa ya ubao. Baada ya miezi mitatu vitamini D ilifika 31. Chai ya maziwa ilikuwa imerudi mezani tangu siku ya majibu.