Siku moja kwenye chumba changu cha ushauri, Dodoma

Saa 11:30 alfajiri. Mimi ni Mlutheri, lakini kinachoniamsha ni adhana ya msikiti wa jirani. Mwezi wa saba Dodoma ina baridi na upepo usio na adabu, vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Natembea dakika 20 kwenda kituoni. Nisipotembea, nafika kazini na kichwa cha jana.

Saa 1:40. Ndani ya daladala abiria anabishana na konda kuhusu chenji. "Huyu apelekwe Mirembe!" Gari zima linacheka. Hospitali ile ya wagonjwa wa akili ipo tangu 1927 na hadi leo jina lake ni tusi. Ndiyo maana mlangoni kwangu hakuna kibao cha afya ya akili. Pameandikwa tu "Ushauri".

Saa 3:00. Anaingia mama anayeuza mboga sokoni. (Habari za wateja nimezibadilisha, msihangaike kutafuta nani ni nani.) "Dada, kichwa kinawaka moto, halafu kama wadudu wanatembea." Ameshapima malaria, ameshapima taifodi, hakuna kitu. Mahali fulani wakamwambia, "Ni mawazo tu, mama." Neno hilo "tu" limemuumiza kuliko kichwa chenyewe.

Mimi naanza na mwili. Unalala saa ngapi? Unakula nini? Hedhi yako ikoje? Namwandikia akapime wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo. Tezi ikizembea, mtu huwa mzito, mchovu, hana raha na chochote, na wewe mshauri unaweza kukaa naye miezi sita mkichambua utoto wake bure.

Kisha tunapumua. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita. Pumzi ikitoka polepole, mapigo ya moyo nayo yanatulia. Anajaribu, anacheka: "Kumbe ni kama kupuliza jiko la mkaa, majivu yasiruke." Tangu leo nitaeleza hivyo hivyo.

Pumzi ya saba au ya nane, machozi. Mwaka juzi alifiwa na binti yake. "Kwenye msiba mimi ndiye niliyekuwa nahesabu michango," anasema. Hakuwahi kulia. Sikuwa nimemuuliza habari za msiba wowote.

Saa 5:00. Kijana wa chuo. Halali, anakunywa vinywaji vya kuongeza nguvu vitatu kwa siku, kisha anashangaa moyo unaenda mbio. Tumeanzia hapo kwenye vinywaji.

Saa 7:00. Ugali wa uwele na mlenda. Tabibu mwenzangu ananitania kwamba mimi ni nusu mwanasaikolojia, nusu mama mchungaji. Namwachia, mlenda usije ukapoa.

Saa 8:15. Mzee kutoka upande wa Chamwino, kaletwa na binti yake. "Mbukwenyi!" anatusalimia wote. Daktari alimwanzishia dawa za sonona. Siku ya tisa kaacha, anasema hazifanyi kazi na anataka kufunga na kuomba. Dawa hizi huchukua wiki mbili hadi nne kabla mtu hajaonja nafuu, na mara nyingi anayemuanzishia hakumwambia.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwambia dada mmoja kwamba maombi peke yake hayatoshi. Yeye alisikia kwamba maombi ni ujinga. Hakurudi tena, na hadi leo nikikumbuka natamani nimtafute. Sasa nauliza swali jingine: "Mzee, usiku ukizidiwa, unamwita nani?" Wapo wanaosema Mungu, wapo wanaotaja mizimu ya ukoo. Ninaowahofia ni wanaojibu "hakuna".

Mzee anamtaja mchungaji wake. Kwa ruhusa yake nampigia pale pale, simu ikiwa kwenye spika. Mchungaji anamwambia, "Baba, funga ukipona. Sasa hivi kula, meza dawa, mimi nitaomba kwa niaba yako." Sentensi moja, na mimi nilikuwa nimejiandaa kubembeleza nusu saa. Binti anamrudisha kwa daktari leo hii, daktari ndiye wa kusema dawa ianze vipi tena. Niseme na hili: mtu akisikia sauti au akisema anataka kufa, simfundishi kupumua kisha nikamwacha aende. Simwachi peke yake, na daktari anamwona siku hiyo hiyo.

Saa 10:00. Mafaili. Shingo inauma.

Saa 12:00 jioni. Napita sokoni. Yule mama yupo kwenye meza yake. Kwa taratibu zetu simsalimii kama namjua mpaka yeye aanze, kwa hiyo nauliza bei kama mteja yeyote. "Mia mbili fungu." Nalipia mafungu mawili ya mchicha. Anafunga mfuko bila kunitazama, nami nikifika nyumbani nakuta matatu.