Njia ya Zinyoka

Daladala za huku Eastern Cape, Afrika Kusini, hazina konda. Nauli hutoka siti za nyuma mkono kwa mkono mpaka mbele, na abiria aliyekaa karibu na dereva ndiye anayehesabu na kurudisha chenji. Mimi mgeni nilikimbilia siti ya mbele nione mandhari. Kutoka East London hadi Qonce, mji ulioitwa King William's Town mpaka 2021, sikuona mlima wala mto. Niliona sarafu za randi tu, na watu walinicheka kwa Kixhosa.

Bibi aliyebanana nami alinihurumia akanisaidia. Akauliza niendako.

"Zanempilo, mama. Kliniki ya Zinyoka."

Mkono wake ukasimama na chenji za watu. "Mwanangu wa kwanza nilimzalia pale."

Jina hilo ni kama kusema mleta afya. Zinyoka nayo, sikio la Mswahili linasikia nyoka mara moja, na kwa Kixhosa nyoka ni inyoka. Kliniki ilifunguliwa 1975 na Black Community Programmes, shirika la watu weusi la miradi ya jamii, daktari wake akiwa Mamphela Ramphele. Steve Biko, mpinzani wa ubaguzi wa rangi ambaye hakumaliza masomo ya udaktari, alikuwa chini ya amri ya serikali tangu 1973: asitoke wilaya hii, asikae na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati. Mtu wa kufungiwa hivyo akashiriki kujenga zahanati!

Nilidhani bibi atanisimulia siasa. Alinisimulia manesi waliofika mpaka kijijini kwao, wakaingia jikoni, wakafunua sufuria kuona watoto wanakula nini. "Tulikuwa tunaona aibu," akasema, akacheka. "Baadaye tukawa tunawapikia."

Aprili 1977 Ramphele alihamishwa kwa nguvu mpaka upande wa Tzaneen, kaskazini ya mbali, na huko akaanzisha kliniki nyingine. Septemba Biko akafa mikononi mwa polisi. Tarehe 19 Oktoba shirika likapigwa marufuku, kliniki ikachukuliwa na serikali.

Nilifika saa tano na vumbi mpaka kwenye nyusi. Majengo ni ya chini, ya kawaida kabisa. Ningepita bila kugeuka. Nesi akauliza naumwa nini. Nikamwambia siumwi, nimekuja kutazama tu.

"Kaa hapo," akasema, akanivalisha mkanda wa presha.

Ilikuwa juu kidogo. Nikasingizia zile chenji.