Kumbe ile kesi haikuisha

Fomu ya viza ya Marekani nilikua naijaza usiku, peke yangu, na nilikua naenda vizuri tu, pasipoti, majina ya wazazi, shule nilizosoma, maswali ya afya, mpaka nikafika ukurasa unaouliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani kwa kosa lolote hata kama baadae ulisamehewa. Na swali la chini yake linataja dawa za kulevya moja kwa moja. Nikasimama hapo. Nilikua na miaka 24, barua ya skolashipu ya masta iko mezani, na chuoni hakuna mtu hata mmoja aliyejua kuwa nikiwa na 19 nilikutwa na misokoto miwili ya bangi mfukoni.

Kesi yenyewe haikuchukua hata dakika kumi. Sina wakili, nimelala mahabusu, na jamaa mmoja mule ndani aliniambia we kubali tu kosa, ni mara yako ya kwanza, watakupa probesheni unarudi nyumbani leo leo, basi niliposomewa shtaka nikajibu ni kweli mheshimiwa, nikapewa miezi 12 ya probesheni, nikatoka pale nalia kwa furaha. Kurudi nyumbani na jina kuwa safi nilidhani ni kitu kimoja. Sisemi sikukosea, nilikosea, ila mtu wa miaka 19 anastahili kuelezwa anakubali nini kabla hajafungua mdomo, na hilo naliamini mpaka leo.

Ule mwaka niliutumikia vizuri. Kuripoti kila wiki mbili, kusaini, kupimwa mkojo bila taarifa, na huruhusiwi kuhama wala kusafiri mbali bila ruhusa, hata bibi alipofariki nilikaa kwenye benchi kusubiri barua ya kuniruhusu kwenda kumzika. Sikukosa hata siku moja.

Sasa usiku ule kidole kilikua juu ya "Hapana" kabisa. Nikampigia yule mama aliyekua afisa wangu wa probesheni, namba yake sikuwahi kuifuta. Nikamwamkia, nikamsomea swali. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Mwanangu, hilo la bangi ulishalitumikia. Ukidanganya hapo unajitafutia kosa jipya, na hilo utalibeba ukiwa mtu mzima." Nikamuuliza je nikisema ukweli wakaninyima? Akasema wanaweza kukunyima, sitakudanganya.

Nikajibu ndiyo, yote mawili. Nikaenda mahakamani kutafuta nakala ya hukumu, nikaitafsirisha, nikaenda nayo kwenye intavyuu.

Afisa wa viza hakua mkali hata kidogo, na nadhani ndo kilichoniuma zaidi. Alisoma ile nakala, akanielezea kuwa kwa sheria yao kukutwa na hatia ya dawa za kulevya, hata mara moja, hata kiasi kidogo, kunamzuia mtu kupewa viza, kwamba wao hawaangalii umri wa hukumu kama ninavyoangalia mimi, na kwamba kuna njia ya kuombewa kibali maalum ila inachukua miezi. Miezi mimi sikua nayo, masomo yalikua yanaanza Agosti. Niliwaandikia chuo wanisogezee mwaka, wakajibu vizuri sana kwamba nafasi naweza kuomba tena, ila ile skolashipu ni ya mwaka huo tu na inaenda kwa anayefuata kwenye orodha.

Cha kumwambia mzee ndo kilikua kigumu. Alishawatangazia ndugu wote. Nilimkuta amekaa nje, nikamweleza kila kitu kuanzia lile swali mpaka jibu la chuo, na yeye muda wote anaangalia chini, hakunikatisha. Nilipomaliza akaniuliza, taratibu, "Kumbe ile kesi haikuisha?"

Nikamwambia iliisha baba, nilimaliza miezi yote 12, barua ya kumaliza ninayo. Nikaingia ndani nikaitoa kwenye bahasha nikamletea, akavaa miwani akaisoma yote mpaka muhuri, halafu akaikunja kwenye mikunjo yake ileile akanirudishia.