Mvua ya Bukavu na mpenzi asiyezeeka

Nilisoma Fascination, tafsiri ya Kifaransa ya Twilight, kitabu cha Stephenie Meyer cha 2005, hapa Kadutu, mtaa wa Bukavu. Umeme umekatika, yaya, dada yangu mkubwa, akinishikia tochi ya simu ili nimsimulie. Edward ni vampaya, mnyonya damu asiyezeeka; ana miaka 17 tangu 1918. Anaitamani damu ya Bella, msichana anayempenda, na bado anajizuia. Hapo ndipo moyo wangu ulipokwama! Wakati ule kila mvulana aliyenitazama alinitia hofu na hamu pamoja, wala sikuwa na neno la kuieleza hali hiyo. Hadithi hizi za vampaya zinaipa hofu meno, halafu zinaiambia isubiri.

Na mvua ya Forks, mji wa Bella na Edward, bati letu liliijua.

“Rudia pale anapomgusa shavu,” yaya akasema. Nikarudia mara tatu, mpaka tochi ikazimika.